Mbao za Mtaroni Ziandikiwe Bei Yake

Fungua BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei, ya jengo au ya bomba la majitaka hapa kwetu Tanzania, utakuta kazi ya udongo imepangwa kwa utaratibu uleule. Kufyeka, kuondoa udongo wa juu, kuchimba kwa kina fulani, kuvunja mwamba ukitokea, kurudishia, kusomba unaobaki. Mahali fulani kabla ya zege kuna mistari miwili ambayo mara nyingi hukaa pamoja. Mmoja unamtaka mkandarasi ahakikishe machimbo hayatuami maji. Mwingine unamtaka akinge kingo za machimbo kwa mbao na mihimili ili zisiporomoke. Uchimbaji wenyewe umepimwa kwa mita za ujazo, nondo kwa kilo, zege kwa mita za ujazo, lakini kinga ya kingo aghalabu haina kipimo chochote. Imeandikwa "jumla", na mwenye zabuni anajaza anachotaka.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kupima na kuweka bei, na zabuni nilizopitia ni nyingi. Katika mstari ule nimeona watu wakiandika fedha isiyotosha kununua mbao za kuezekea banda la kuku. Nimeona wakiandika "imejumuishwa", bila kusema imejumuishwa wapi. Nimeona kistari, yaani hakuna bei kabisa. Mtaro wa kina cha mita tatu, wenye urefu wa mamia ya mita, na mstari pekee unaohusu uhai wa watu watakaoshinda humo ndani una kistari. Ninachotaka kusema ni kwamba wengi wanaofukiwa mitaroni, hatari yao ilikubaliwa mezani, miezi kadhaa kabla sururu ya kwanza haijagusa ardhi.

Mtu akifukiwa, neno la kwanza kusikika ni uzembe. Alionywa akakaidi. Hakuvaa kofia. Aliingia msimamizi akiwa hayupo. Au tunasema siku yake imefika, na hilo mimi sina la kulijibu, maana wafu wetu wote tunawazika kwa maneno hayo. Lakini hilo la kofia tulipigie hesabu. Chukua mtaro wa kina cha mita 2.5. Ukuta wake ukikatika kipande chenye urefu wa mita mbili, unene wa nusu mita juu, kikipungua hadi kuishia na ncha kwenye sakafu ya mtaro, hicho kina ujazo wa mita 1.25. Mita moja ya ujazo ya udongo wenye unyevu ina uzito wa kati ya tani 1.6 na tani 2. Kwa hiyo zinashuka tani mbili hadi mbili na nusu kwa mpigo, juu ya mtu aliyeinama akisawazisha mchanga wa kulalia bomba. Kofia imetengenezwa kwa ajili ya kipande cha tofali kinachoanguka.

Wako wanaoamini kwamba aliyefukiwa hadi kifuani amepona kwa kuwa kichwa kiko nje. Hapana. Ili mtu avute hewa, kifua sharti kitanuke. Akitoa pumzi, kifua kinapungua, udongo unashuka kujaza nafasi iliyoachwa, na pumzi inayofuata inapata nafasi ndogo kuliko iliyotangulia. Dakika chache zinatosha. Mtu anakosa hewa uso ukiwa juani, na wenzake wamesimama ukingoni wanamsemesha.

Kwa sababu hiyo kila mtu anataka kuruka ndani amuokoe, na hapo ndipo msiba wa mmoja huwa msiba wa watatu. Ukuta uliokatika umeacha juu yake udongo unaoning'inia bila chochote chini yake. Ule wa upande wa pili nao ni udongo uleule, umechimbwa siku ileile. Kwanza watu watoke kingoni. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kizimwe, malori yasimame, maana mtikisiko wake unafika mbali kuliko tunavyodhani. Ipigwe 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na anayepiga aseme wazi kwamba ni mtu amefukiwa mtaroni. Kuta zilizobaki zikingwe kwa chochote imara kilichopo, mbao, milango, mirunda, ndipo watu wachache washuke wafukue kwa mikono na ndoo, wakianzia usoni na kifuani. Kumfunga kamba na kumvuta ni kumuumiza zaidi, kwa sababu miguu na kiuno vimeshikwa na uzito ambao watu kumi hawauwezi. Kumchimbua kwa meno ya kijiko nako kumeshaua watu ambao udongo ulikuwa haujawaua.

Kinachotupumbaza ni kwamba ukuta wa mtaro husimama. Ungekuwa unaanguka palepale unapokatwa, hakuna ambaye angeingia. Unasimama jana, unasimama leo asubuhi, na kila saa unayosimama inaongeza imani ya aliye chini yake, ilhali kwa udongo wenyewe kila saa inapunguza nguvu. Ardhi isiyochimbwa imebanwa pande zote. Ukikata mtaro umeondoa upande mmoja uliokuwa unaibana, na kuanzia hapo inaanza kusogea, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kuelekea kwenye uwazi.

Mchanga wa Dar es Salaam husimama wima asubuhi kwa sababu ya unyevu mdogo unaoshikanisha chembe. Jua la saa sita likishakausha uso wa ukuta, chembe zinaachana na mchanga unaanza kumwagika kidogokidogo mguuni, halafu kwa wingi. Mvua nayo inaharibu mshikamano huohuo kwa njia nyingine, kwa kujaza maji nafasi zote zilizokuwa na unyevu tu. Mfinyanzi una tabia yake. Ukikatwa unakuwa mgumu, unapendeza, kijana anaukwangua kwa beleshi hadi unang'aa. Lakini unanyonya maji polepole kutoka kwenye ardhi ya nyuma yake, na kadiri unavyonyonya ndivyo unavyolegea, hivyo unaweza kusimama siku mbili ukaanguka siku ya tatu bila tone la mvua. Udongo mweusi wa mbuga, ule ambao ndugu zetu wa Nairobi wanauita udongo wa pamba, ukikauka unapasuka nyufa ndefu na ukilowa unavimba, na nyufa zile ndizo mahali ambapo ukuta utakatikia.

Mjini kuna udongo mbaya kuliko yote hiyo, nao ni ule uliokwisha kuchimbwa. Barabara zetu zimepitishwa bomba la maji, kisha nyaya za simu, kisha bomba jingine la maji kubwa zaidi. Kila mtaro mpya unakatwa sambamba na wa zamani uliojazwa kifusi kisichoshindiliwa vizuri, na mara nyingi bomba la zamani linavuja. Mchimbaji anaona ukuta wa udongo. Nyuma ya ukuta huo, sentimita 40 tu, pengine pana matope.

Msimu mmoja wa vuli nilikwenda kwenye mradi wa bomba pembezoni mwa jiji kupima kazi kwa ajili ya hati ya malipo. Kulikuwa na mchimbaji mtu mzima ambaye vijana wote walimwita Babu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, na papohapo akanyoosha mkono, "Usisogee hapo." Kwa ncha ya beleshi akanionyesha ufa. Ulikuwa umekwenda sambamba na mtaro, hatua mbili hivi kutoka ukingoni, mwembamba kiasi kwamba nisingeuona peke yangu. Pande zake mbili alikuwa amechomeka vijiti, kimoja huku na kimoja huku, na katikati yake alikata kipande cha bua la mtama kikakaa kwa kubana kati ya vijiti hivyo. Alikiweka alfajiri. Nilipofika, saa tano, bua lilikuwa limeanguka na liko chini, limelala juu ya ufa.

"Ukuta huu umeshaondoka," akaniambia. "Bado kufika tu."

Vitabu vya uhandisi vinasema ufa wa aina hiyo hutokea umbali wa nusu hadi robo tatu ya kina cha mtaro. Kwa mtaro wa mita 2.5 ni kati ya mita 1.25 na karibu mita 1.9 kutoka ukingoni. Huo ndio upana wa ardhi inayojiandaa kushuka, na ndipo hasa tunaporundika udongo tuliochimba, tunapoegesha toroli na mifuko ya saruji, na tunaposimama kumpigia gumzo aliye ndani. Babu hakuwa na kitabu, alikuwa na bua. Aliwatoa vijana wake wote mtaroni, akakataa warudi mpaka kijiko kije kikate ukingo ulale. Kijiko kilikuja alasiri. Jioni fomeni aliwaandikia nusu siku.

Ile nusu siku ndiyo ninayotaka tuitazame kwa muda. Mtu aliyejua hatari, akaipima kwa ustadi ambao wahandisi wengi wangejivunia, na akaokoa wenzake, alilipa kwa posho yake na ya vijana wake. Safari nyingine, kijana mwenye watoto atakapoona ufa, atakumbuka ile nusu siku. Saiti nyingi wachimbaji hawalipwi hata kwa siku, wanalipwa kwa mita. Fundi anapimiwa kipande chake asubuhi, mita kadhaa kwa kina kadhaa, akimaliza anachukua chake. Nimewahi kumsikia mmoja akimuuliza msimamizi aliyekuwa anahimiza mbao, "Bosi, hizo mbao zikiwekwa, mimi leo nakula mita ngapi?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Kuweka kinga kunachukua saa mbili au tatu kwa kipande, na hakuna aliyemwambia saa hizo nani anazilipa. Tukimwita mkaidi mtu huyo tunamwonea. Mfumo wa malipo umemwambia waziwazi kwamba kinga ni hasara yake.

Sasa na upande wa mkandarasi tuutendee haki. Kinga ina gharama halisi, na ndiyo maana inakimbiwa. Njia rahisi kuelezea ni kulaza kingo. Mtaro wa kina cha mita 2.5 na upana wa mita moja, ukichimbwa wima, unatoa mita za ujazo 2.5 za udongo kwa kila mita ya urefu. Ukilaza kila ukingo kwa mteremko wa moja kwa moja, yaani kila mita ya kina inakwenda mita moja pembeni, upana wa juu unakuwa mita 6 na udongo unakuwa mita za ujazo 8.75, mara tatu na nusu ya ule wa kwanza. Kwa mchanga mlegevu unahitaji ulaze zaidi, mita moja na nusu pembeni kwa kila mita ya kina, na hapo upana wa juu unafika mita 8.5 na udongo unakaribia mita za ujazo 12. Huo wote unachimbwa, unarundikwa, unarudishwa, unashindiliwa. Mkandarasi aliyeweka bei ya mita 2.5 za ujazo hawezi kuchimba 12 akabaki na kazi. Na hata angetaka, mtaa wa Manzese au Tandika una nafasi gani ya mita 8 kati ya ukuta wa nyumba hii na baraza ya ile?

Mahali pasipo nafasi ya kulaza, kuna mbao. Ubao wa wima kila upande, mhimili wa kulala unaozifunga mbao hizo, na vipande vya kukingama vinavyosukuma upande mmoja dhidi ya mwingine, ama mirunda iliyokatwa kwa kipimo na kukazwa kwa kabari, ama jeki za chuma za kuzungusha. Kuna pia masanduku ya chuma yasiyo na kifuniko wala sakafu, yanayoshushwa kwa kijiko na kuburutwa mbele kadiri bomba linavyolazwa, watu wakifanya kazi ndani ya kuta zake. Kinachosahaulika sana ni mpangilio. Kinga inawekwa kuanzia juu kwenda chini, na kipande cha kwanza kinakazwa na mtu aliye nje, si aliye ndani ya mtaro mtupu. Inaondolewa kuanzia chini kwenda juu, udongo ukirudishwa hatua kwa hatua. Wako watu wanaofukiwa wakiwa wanaweka kinga au wanaitoa.

Sheria hazikosekani. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, na wakala wa kuisimamia, OSHA. Kenya wana ya kwao ya 2007. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, ambao unahusu ujenzi peke yake, una kifungu cha 19 kwa ajili ya machimbo. Unataka kingo zishikiliwe, watu na vitu visitumbukie, maji yasiingie kwa nguvu, hewa iwepo, watu wawe na njia ya kutoka, na ardhi ichunguzwe kabla kujua kama kuna maji au gesi chini. Marekani kanuni zao zina vipimo kabisa. Mtaro wa futi 5, yaani mita 1.5, au zaidi lazima ukingwe, isipokuwa umekatwa kwenye mwamba mtupu. Udongo uliochimbwa ukae angalau futi 2 kutoka ukingoni. Kuanzia kina cha futi 4 pawe na ngazi, na asiwepo mfanyakazi anayehitaji kutembea zaidi ya futi 25 kuifikia. Zaidi ya futi 20, kinga isanifiwe na mhandisi aliyesajiliwa. Na kila siku kabla ya kazi, na tena baada ya mvua, mtaro ukaguliwe na mtu mwenye ujuzi ambaye ana mamlaka ya kuwatoa watu hapohapo. Babu, kwa maneno mengine, lakini Babu ambaye hakatwi nusu siku.

Pamoja na kanuni hizo zote, mwaka 2022 Marekani ilipoteza wafanyakazi 39 mitaroni. Nusu ya kwanza ya mwaka huo peke yake walikufa 22, wakati mwaka 2021 mzima walikufa 15. Mwezi Julai serikali yao ikatangaza ukaguzi mkali zaidi na kutishia mashtaka ya jinai, na mwaka 2023 idadi ikashuka hadi 15. Udongo wa kule haukubadilika kati ya miaka hiyo miwili. Kilichobadilika ni uwezekano wa mwenye kampuni kukutwa.

Lakini kilichonivutia zaidi, kwa kazi yangu, ni jambo dogo lililomo kwenye sheria za majimbo mawili. Jimbo la Texas linataka hati za zabuni za mitaro inayozidi futi 5 ziwe na kifungu cha malipo kinachojitegemea kwa ajili ya kinga ya mtaro, kikipimwa kwa urefu wa mtaro uliochimbwa. California nayo inataka zabuni za umma za mabomba na mitaro ya futi 5 na zaidi ziwe na bei ya kinga kama kipengele chake peke yake. Maana yake ni nini? Wakandarasi watano wanaposhindana, hakuna anayeweza kushinda kwa kufuta mbao, kwa sababu bei ya mbao imewekwa wazi mbele ya mnunuzi, imepimwa, na inalinganishwa. Mwaminifu hashindwi tena kwa uaminifu wake. Kwetu leo anashindwa, nami nimeshuhudia. Aliyeweka bei ya kweli ya kinga alikuwa juu ya wenzake kwa kiasi kile kile cha kinga, na kazi ikaenda kwa mwenye kistari.

Nikiandaa hati sasa, naandika hivi, na yeyote anayependa achukue: "Kukinga kingo za mtaro wenye kina kinachozidi mita 1.2 kwa mbao, fremu za chuma au mteremko ulioidhinishwa na mhandisi, pamoja na kuweka, kutunza, kusogeza na kuondoa. Kipimo: mita ya urefu wa mtaro. Malipo yatafanyika kwa mita iliyothibitishwa kukingwa wakati watu wakiwa ndani." Nimechagua 1.2 kwa sababu mtu aliyeinama kwenye bomba kwa kina hicho, kifua na kichwa viko chini ya usawa wa ardhi. Uingereza wanakwenda mbali zaidi na kusema hakuna kina kinachoweza kudhaniwa kuwa salama, na wako sahihi, ila BOQ inahitaji namba. Chini ya mstari huo naongeza mwingine wa muda wa kusimama: saa ambazo wachimbaji wametolewa kwa sababu ya ufa, maji au mvua zilipwe kama saa za kazi. Wateja wengine hushtuka wakiuona. Nawaonyesha kwamba ni sehemu ndogo sana ya mradi, na kwamba kuta zikiporomoka bomba linavunjika, barabara inakatika, nguzo ya umeme inalala, na kazi inafungwa na wakaguzi kwa wiki. Wanaelewa lugha hiyo. Ningependa waelewe ile ya kwanza, ya uhai wa watu, lakini ikibidi naongea nao hii.

Kuchimba jirani na jengo la mtu ni somo linalojitegemea, nami nitaligusa tu. Msingi wa nyumba unashikiliwa na udongo wa chini yake na wa ubavuni pake. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakafa, na taarifa za siku zile zilitaja kazi ya kupanua eneo la biashara chini ya jengo. Anayechimba handaki au msingi chini ya usawa wa msingi wa jirani anahitaji mhandisi wa miundo kabla ya kijiko, na achimbe kwa vipande vifupi vinavyokingwa na kujazwa kimoja baada ya kingine. Viwanja vinavyogusana vya Kariakoo na Ilala havina nafasi ya kubahatisha.

Nyumbani, kwenye shimo la choo na kisima, hakuna BOQ wala mkaguzi. Kuna wewe mwenye nyumba na fundi mliyepatana bei ya jumla mkiwa mmesimama uani. Huko ndiko vijana wetu wanashuka futi 15, futi 20, kwa kamba na ndoo, kwenye shimo la upana wa mabega mawili, wakiwa na mshumaa. Mshumaa unaweza kuonyesha upungufu wa hewa, lakini hauonyeshi hewa ya sumu inayotoka kwenye mashine ya petroli, na hii imeua watu wengi. Pampu inayovuta maji kutoka juu ina kikomo. Kisima kikizidi mita saba hivi haiwezi tena kuyanyanyua, basi watu huishusha pampu yenyewe ndani ya shimo na kuiwasha. Moshi wake hauna pa kwenda. Anayeshuka kuizima anaanguka, na anayemfuata anaanguka juu yake. Pampu ya petroli isishuke shimoni kwa hali yoyote. Tumia ya umeme ya kuzamisha, na izimwe na itenganishwe na umeme wakati mtu yuko ndani.

Ama kwa kuporomoka, kuna njia ambayo mafundi wa visima wanaijua vizuri, na kinachokosekana ni mwenye nyumba wa kuilipia. Kalavati la zege la duara linawekwa juu ya ardhi mahali pa shimo. Fundi anaingia ndani yake na kuchimba chini ya ukingo wake pande zote kwa usawa, kalavati linashuka kwa uzito wake lenyewe, la pili linawekwa juu yake, na kazi inaendelea. Tangu futi ya kwanza hadi ya mwisho fundi amezungukwa na zege, na ukimaliza kuchimba kisima chako kimeshajengewa. Katika patano, taja idadi ya makalavati, nani anayaleta, na kwamba fundi hashuki kabla la kwanza halijakaa. Taja pia mtu wa kukaa juu muda wote akishika kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa aliye chini, na umlipe huyo naye posho ya siku nzima.